Uji wa Karimi Uliorudisha Ndege

Kuna watu wengi kuanzia Kanyakine hadi Maua ambao hawajui jina la baba yangu wala nyumba yetu iko upande gani, lakini wakiniona sokoni wanagusana viwiko na kuulizana, "Si huyu ndiye yule wa ndege?" Ndiyo, ni mimi. Mimi ndiye Koome niliyerudisha ndege nzima chini, na sikuirudisha kwa bunduki wala kwa ugonjwa, niliirudisha kwa uji. Naandika haya polepole (mkono wangu si wa kuandika, niliishia darasa la nane, na hata huko mwalimu alikuwa akinisubiri nimalize wakati wenzangu wako nje wanacheza mpira) kwa sababu kwa mdomo siwezi. Nikianza kusimulia, watu wanacheka kabla sijafika katikati, na wengine wananisahihisha kwa mambo ambayo hayakutokea. Ati ndege ilianguka. Haikuanguka. Ati rubani alizirai. Hakuzirai, alikasirika, na nitawaambia alivyokasirika.

Dada yangu Karimi ni mwalimu huko North Horr, mbali kabisa kupita Marsabit, mahali ambapo mchanga ni mwingi kuliko watu. Alikuwa amejifungua mtoto wake wa kwanza. Sasa kwetu Meru, mwanamke akijifungua lazima anywe ucuru, yaani uji wa wimbi uliochachushwa, tena si uji wa popote, ni uji wa kwao, umetoka kwa mama yake ukiwa ndani ya kibuyu. Karimi alipiga simu akilia. Alisema watu wa kule ni wazuri, wanamletea maziwa ya ngamia kila asubuhi, lakini maziwa yake mwenyewe hayatoki ya kutosha na mtoto hanyamazi, na anajua kabisa kwamba akipata uji wa shosho, nyanya yetu, maziwa yatakuja. Mama alisikiliza, akafunga simu, akaangalia goti lake lililokuwa limevimba, halafu akaniangalia mimi.

Nilijua nimekwisha. Kijana wa kiume kubebea mzazi uji! Hiyo ni kazi ya akina mama, wanaenda kwa kundi wakiimba, na hapa nilikuwa natumwa peke yangu, mimi ambaye naona haya hata kumwambia kondakta nashukia wapi, mpaka napitishwa kituo. Lakini Karimi ndiye aliyenifundisha kusoma, na mtoto alikuwa analia, basi.

Shosho alipika uji, akaumimina kwenye kibuyu kikubwa cheusi ambacho kimechachusha uji tangu mama yangu azaliwe, akakiziba mdomo kwa gunzi la mahindi. Akanishika sikio kama mtoto.

"Koome, hili gunzi usilikaze. Liache hivi hivi. Uji ni kitu hai, lazima upumue."

"Sawa, shosho."

"Nimesema nini?"

"Usikaze."

Kumbukeni hapo, nilirudia kwa mdomo wangu mwenyewe.

Barabara ya kule ilikuwa imekatwa na mvua, malori yamezama kwenye tope na madereva wanapikia kando yake, kwa hivyo ilibaki ndege tu. Na hapa ndipo hasira yangu inapoanzia, kwa sababu hiyo kampuni ya ndege (sitaitaja, ina shida zake za kutosha) ilikuwa na ndege moja ndogo ya viti kumi na viwili, rubani mmoja, na mfanyakazi mmoja pale kwenye kiwanja cha ndege huku chini kwenye joto. Mfanyakazi huyo aliitwa Bwana Njeru, mtu wa Kibugu kule Embu. Njeru ndiye aliyekata tiketi. Njeru ndiye aliyepima abiria, mmoja mmoja, kwa mizani iliyotoka kwenye kiwanda cha kahawa, ukisimama juu unajiona kama gunia. Njeru ndiye aliyepakia mizigo, kisha akarukia pikipiki kufukuza mbuzi kwenye njia ya ndege huku akipiga honi, kisha akavaa koti la kung'aa na kuielekeza ndege kwa mikono. Naamini rubani angeugua, Njeru angefunga mkanda na kuruka.

Siku ya kwanza nilifika mapema na kibuyu changu ndani ya mfuko, nimekifunika kwa leso ya mama ili watu wasikione. Tulikuwa watu watano.

"Leo hairuki," Njeru akasema. "Kapteni hawezi kuchoma mafuta kwa watu watano. Rudini keshokutwa."

Nikaenda kulala kwa binamu yangu Meru mjini. Keshokutwa nikarudi. Ndege haikuwepo kabisa, ilikuwa imepelekwa Nairobi kuwekwa tairi. Nikarudi siku nyingine. Ndege ilikuwepo, tairi lilikuwepo, watu walikuwepo, lakini kule North Horr mvua ilikuwa imenyesha usiku na kiwanja chao ni cha udongo, gurudumu linazama.

"Bwana Njeru," nikasema, na hiyo ilikuwa sentensi yangu ndefu kuliko zote wiki ile, "sasa tutaenda lini?"

Njeru hakukasirika. Aliketi juu ya mizani yake akajipangusa jasho. "Kijana wangu, unafikiri mimi napenda? Mafuta yanakuja kwa mapipa kwa lori. Tairi linatoka Nairobi. Watu wa kule juu wakiwa na mgonjwa wanatupigia sisi, wakiwa wazima hawatupigii. Mwenye kampuni amesema tusipojaza viti mwezi huu, hii safari ya North Horr anaifunga. Basi omba Mungu."

Niliomba. Lakini wakati naomba, uji nao ulikuwa unaendelea na kazi yake. Shosho aliupika kwa safari ya siku moja kwenye baridi ya Kanyakine, sasa ulikuwa umekaa siku nyingi na kwenye joto juu yake. Kila jioni nililegeza gunzi kidogo, unatoa pumzi fyuu, binamu yangu anaziba pua na kuniambia nipeleke mgonjwa wangu nje.

Hatimaye siku ikafika, Njeru akapiga simu mwenyewe: "Leo inaruka! Viti vimejaa! Kuja haraka!" Viti vilijaa kwa sababu ya mafundi wa kuchimba visima, wanaume saba kutoka Nairobi wenye masanduku ya kung'aa na viatu vya kung'aa. Nyuma yao alikuwa Mama Halima, mfanyabiashara wa Maua ambaye huwapelekea watu wa North Horr nguo na viatu. Nyuma ya Mama Halima na abiria wengine watatu nilikuwa mimi na aibu yangu ndani ya leso.

"Sikilizeni," Njeru akasema kwa sauti, "kitu chochote cha kumwagika kama hakijafungwa kabisa hakipandi ndege. Tumetoka kuiosha mafuta ya ng'ombe ya mtu wiki jana." Akafika kwangu. "Wewe Koome, hapo una nini?"

Wale mafundi wote saba waligeuka. Naapa walikuwa wanaangalia kitu kingine, lakini mimi niliona macho kumi na manne yananiuliza kama mimi ni mwanamume au ni mkunga. Na badala ya kusema neno moja fupi, nikasema:

"Nguo."

"Za nani?"

"Za mtoto."

"Haya, zikaze vizuri basi."

Hiyo ndiyo ilikuwa njia panda yangu. Nikaenda nyuma ya choo, nikachukua jiwe, nikalipigilia lile gunzi likaingia mpaka likabaki kichwa tu, halafu nikaokota kipande cha blada ya baiskeli, ule mpira wa ndani ya tairi (kiko kila mahali, ukihitaji blada katika nchi hii inama tu) nikaizungusha juu ya mdomo wa kibuyu na chini ya kitako, mara nyingi, nikivuta kwa meno. Nilipomaliza hata harufu haikutoka. Nilijipongeza! Nilirudi kwenye mstari nikitembea kama mtu aliyesoma.

Nikapanda juu ya mizani na mfuko wangu. Njeru akaangalia, akainama, akaangalia tena.

"Nguo za mtoto zina uzito huu? Huyo mtoto ni wa tembo?"

Mafundi wakacheka. Nikacheka pia, ili nifanane nao.

Mimi nilikuwa sijawahi kupanda ndege. Nitasema ukweli, ilipoacha ardhi nilifunga macho, na nilipofungua niliona mashamba ya Meru yamekuwa madogo kama viraka, nikafurahi, nikamfikiria Karimi. Niliketi karibu na Mama Halima, mfuko ukiwa mapajani kwa sababu nyuma palijaa masanduku ya mafundi. Rubani, mzee mwembamba wa shati jeupe, alikuwa pale mbele yetu tu, hakuna mlango wala pazia, unaweza kuhesabu mvi zake.

Tukapanda juu, tukapanda juu zaidi, na mfuko ukaanza kuimba.

Siiiiii.

Nikaukumbatia. Blada ilikuwa imekaza kama kamba ya gitaa. Ndani kulikuwa na kitu kinachogonga-gonga, kama kuku anayegeuka kwenye mayai. Hakuna mtu aliyekuwa ameniambia kwamba huko juu hewa ni nyepesi na kila kilichofungwa kinataka kutoka. Shosho angejua, na hajawahi kupanda hata ngazi ya ghorofa.

"Mwanangu," Mama Halima akanipigia kelele sikioni kwa sababu ya mngurumo, "umebeba kuku?"

"Hapana, mama. Ni nguo."

"Nguo zinapiga mluzi?"

Nilifikiri nikilegeza blada kidogo tu, mzunguko mmoja, uji utapumua kama kule kwa binamu na mambo yataisha kimya kimya. Nikaingiza mkono ndani ya leso. Nikavuta mzunguko mmoja.

PAAA!

Gunzi liligonga dari, likarudi chini, likampiga rubani kisogoni. Uji ulilifuata. Sijui uji wa kibuyu kimoja unawezaje kuenea hivyo, ulipiga dari yote, halafu ukaanza kunyesha, mzito, wa kahawia, mchachu, juu ya masanduku ya kung'aa, juu ya viatu vya kung'aa, juu ya buibui la Mama Halima ambaye alikuwa anasema "Wallahi, wallahi, wallahi" bila kupumua. Fundi mmoja akapiga kelele, "Mafuta! Ndege inavuja mafuta!" na hapo wote wakaanza kupiga kelele, mmoja akamwita mama yake kwa jina.

Rubani akageuka. Shingo yake ilikuwa ya kahawia. Kioo cha mbele kilikuwa na matone. Akauliza kwa sauti kubwa lakini bila kutetemeka, "Hiki ni nini? Nani anajua hiki ni nini?"

Nilifungua mdomo. Nataka mjue kwamba nilifungua. Neno lenyewe ni fupi, hata mtoto anaanza nalo, lakini halikutoka. Lilikaa kooni pale kama lile gunzi. Rubani akangoja kidogo, akaangalia dari inayodondoka, akaangalia saa zake zote za pale mbele, na kwa kuwa hakuna aliyemjibu, akaigeuza ndege tukarudi tulikotoka. Sentensi ninayoisikia kichwani mpaka leo ni hii: ningesema "uji", tungeendelea na safari.

Tulipotua, Njeru alikuja mbio na mtungi wa kuzima moto mkono mmoja na ndoo ya mchanga mkono mwingine (maana zimamoto pia ni yeye), nyuma yake mbuzi aliokuwa hajamaliza kufukuza. Abiria wakatoka wakijipangusa. Njeru akaingia ndani. Akanusa. Akagusa dari kwa kidole, akakiangalia kile kidole, halafu, mbele ya watu wote, akakilamba.

Akameza.

"Ngai, Mungu wangu," akasema. "Huu ni ucuru. Wa wimbi. Tena umelala sana."

Akafuata michirizi kwa macho, kutoka dari mpaka ukutani, kutoka ukutani mpaka kiti changu, kutoka kiti mpaka kwangu nilipokuwa nimesimama nje nimekumbatia kibuyu kilicho wazi mdomo.

"Nguo za mtoto," Njeru akasema polepole.

Afadhali rubani angenipiga. Alivua miwani yake, akaipangusa kwa leso ya mama yangu, akaivaa tena, akaniambia, "Kijana, nimeruka na mbuzi. Nimeruka na maiti. Nimeruka na mizinga ya nyuki ikafunguka. Wote hao hakuna aliyenidanganya." Halafu akaenda kuketi chini ya bawa, akanipa mgongo, na mgongo wenyewe ulikuwa na uji.

Mnafikiri aibu iliishia hapo? Mafuta yaliyotumika kwenda na kurudi ilibidi yajazwe tena, na pampu ni ya mkono, na alasiri upepo wa kule jangwani ni mbaya kwa ndege ndogo. Safari ikasukumwa mpaka kesho. Mkubwa wa mafundi akawaka. "Ndiyo maana hizi ndege ndogo zinakufa! Turudishiwe nauli, sisi tunarudi Nairobi!" Njeru alisimama pale na mtungi wake wa moto, na mimi nilipiga hesabu iliyokuwa rahisi hata kwangu: mafundi saba wakiondoka, tunabaki watano. Na kwa watu watano Kapteni hachomi mafuta. Njeru atafungiwa safari yake, na Karimi atabaki kule akimtikisa mtoto na kuangalia juu.

Sijui miguu ilinipeleka vipi. Nilijikuta nimesimama juu ya ile mizani ya kahawa, labda kwa sababu ndiyo ilikuwa mahali palipoinuka, na mshale ukaruka kuonyesha kilo zangu kwa kila mtu.

"Ni uji," nikasema.

"Tumeshajua ni uji!" fundi mmoja akanijibu.

"Ni wa dada yangu. Amejifungua. Maziwa hayatoki. Nilisema ni nguo kwa sababu niliwaonea haya nyinyi. Bwana Njeru hakujua, rubani hakujua. Mkienda Nairobi ndege haitaruka kesho. Nitaosha viatu vyenu. Nitaosha ndege yote. Tafadhali."

Hayo ndiyo maneno mengi zaidi niliyowahi kusema mfululizo mbele ya watu, na nilipomaliza nilitaka mizani inimeze. Mkubwa wa mafundi aliangalia viatu vyake. Uji ulikuwa umeanza kukauka.

"Mtoto wa kwanza?" akauliza.

"Ndiyo."

Akavua viatu, akaviweka mbele yangu. "Kesho saa moja asubuhi. Na huyu aketi nyuma kabisa."

Nikaosha viatu jozi saba. Nikaosha na ndege, mimi ndani na Njeru nje, yeye akicheka peke yake kila baada ya muda na kusema "za tembo". Mama Halima, ambaye nilidhani atanilaani, alikuja na kibuyu changu mkononi akiwa amekitikisa.

"Kuna uji chini humu, vikombe kama viwili. Mbona unalia?"

"Umeisha, mama."

"Umeisha vipi? Mimi nimezaliwa Maua, hamwezi kunidanganya. Nyinyi mnachachusha na nini kama si mabaki ya ule wa jana? Nenda ununue unga wa wimbi pale senta. Dada yako atapika kule, amimine humu ndani, kesho yake ni ule ule wa nyanya yako." Akaangalia buibui lake. "Na ununue sabuni."

Asubuhi tulipanga mstari tena. Njeru akafika kwangu akapaza sauti mpaka mbuzi wakageuka.

"Koome! Hapo una nini?"

"Uji," nikasema.

"Hatusikii!" wakasema mafundi.

"UJI! WA MZAZI! HAUJAFUNGWA!"

Walinipigia makofi, na kwa uji huo Njeru akaiacha sheria yake. Hata rubani aliitikia kwa kichwa, ingawa alikuwa amevaa kofia iliyofunika kisogo.

North Horr tulipotua nilikuta watu wengi kando ya kiwanja, wazee, akina mama, watoto wa shule. Nikafikiri wamekuja kupokea mafundi wa maji. Kumbe Njeru alikuwa amepiga simu jana kueleza kwa nini ndege haikufika, na maneno yalikuwa yamezunguka mji mzima. Watoto walikuwa wanaimba, "Uji! Uji! Uji!" Karimi alikuwa mbele yao, mtoto mgongoni, amekonda, macho yamevimba kwa kukosa usingizi. Aliniangalia, akaangalia kibuyu kilichozibwa kwa jani tu, akaanza kucheka, akacheka mpaka akaketi kwenye mchanga na mama mmoja akamfungua mtoto asije akaanguka.

"Si shosho alikwambia usikaze?" akasema alipopata pumzi.

"Aliniambia."

"Na ulirudia?"

"Nilirudia."

Tulipika, tukamimina kwenye kibuyu juu ya yale mabaki, tukangoja. Alipokunywa kikombe cha kwanza alifumba macho akasema, "Nyumbani." Maziwa yalikuja, yeye anasema ni uji, mama mkunga wa pale anasema ni kule kucheka. Mimi sina maoni. Nilichojua ni kwamba mtoto alilala, nasi tukalala.

Niliporudi, nilikuta Njeru ametundika kadibodi juu ya mizani yake, ameandika kwa herufi kubwa: UJI USIKAZWE. KWA MAELEZO ZAIDI MUULIZE KOOME WA KANYAKINE. Nilimsihi angalau atoe jina langu. Alikataa kabisa. Alisema watu wanatoka hadi Githongo kuja kuona ndege iliyorudishwa na uji, na wengine wakishaiona wanakumbuka kwamba wana jamaa huko juu na wanakata tiketi, na mwenye kampuni hajazungumza tena habari ya kufunga safari. "Kijana wangu, hiyo aibu yako ndiyo inanunua tairi."

Basi imebaki pale. Mimi nimeapa mambo mawili: sitakaza gunzi tena maisha yangu yote, na mtu akiniuliza nimebeba nini, namjibu kabla hajamaliza kuuliza. Hili la pili nalo limeanza kuniletea matatizo. Juzi, natoka dukani Meru mjini, askari wa mlangoni aliniambia, "Habari yako, kijana?" nami nikamjibu kwa sauti iliyogeuza watu wote waliokuwa kwenye foleni:

"Mkate na sabuni!"